Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kusoma sauti ya klasiki na sauti ya kileo kwa mwalimu mmoja, Unguja

Maswali haya nimeyaokota kwenye simu, barazani, na kwenye ngazi za nyumba ninayofundishia hapa Mji Mkongwe. Nayajibu mara moja ili tukionana tuanze kuimba, tusianze kuulizana. Mengine nimeyapa nafasi kubwa kwa sababu ndiyo yanayowanyima watu usingizi. Mengine hayana maneno mengi.

Unaposema "klasiki" unakusudia nini? Ya Kizungu au ya kwetu?

Zote mbili, na zote mbili hapa Unguja zina wenyewe. Ya kwanza ni ile iliyokulia Italia, ya kumfundisha mtu aujaze ukumbi kwa koo lake bila ya maiki. Ya pili ni taarab asilia, iliyoshika mizizi baada ya Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, kumpeleka Mohammed Ibrahim Misri akajifunze ganuni, chombo cha nyuzi nyingi. Nadi Ikhwan Safaa ipo tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958, na mtu aliyekaa nyuma ya fidla za klabu kama hizo hawezi kuambiwa kwamba klasiki ni kitu cha kuletewa na meli.

Ya kileo ni zenji fleva, bongo fleva, taarab ya kisasa ile ya rusha roho, na nyimbo za injili kwa wanaoimba makanisani. Kidumbak nakiweka katikati kwa makusudi. Kinazichukua nyimbo za taarab, kinazitia sanduku, yaani besi ya sanduku la mbao, na ngoma, kinazirudisha mtaani. Wenye kidumbak walikuwa wakichanganya kabla neno hili halijawa la walimu.

Nikisoma klasiki, si itaniharibia ladha yangu?

Itakuharibia ukiisoma nusu. Alinijia kijana mmoja wa Kwahani, muimbaji mzuri wa zenji fleva, aliyekuwa amejifunza opera miezi mitatu kwa video za simuni. Kila irabu aliiviringisha. Mahaba yakawa "mohobo", mapenzi yakawa "mopenzi". Bibi yake alimuuliza kama ana jino bovu.

Kilichomtokea ni hiki. Katika uimbaji wa opera kikoromeo, kile kifundo kinachopanda ukimeza, hushuka kidogo, na nyuma ya mdomo hufunguka kama mtu anayetaka kupiga miayo. Sauti hutoka ya duara na yenye kiza kidogo. Katika nyimbo za kileo kikoromeo hubaki pale pale pa kuzungumzia, au hupanda, na mdomo hufunguka kwa pembeni, sauti ikawa kali na ya karibu. Mikao hii miwili haikai pamoja kwa wakati mmoja. Ukiilazimisha, hupati nusu ya hii na nusu ya ile, unapata koo lililokaza.

Ndiyo maana kwangu hakuna kuchanganya kabla ya kutenganisha. Angalia urojo: kachori, bajia, viazi na mshikaki hukutana bakulini, lakini kila kimoja kimepikwa peke yake kwa moto wake. Hakuna anayetia unga wa bajia na nyama mbichi ndani ya sufuria moja akasema anapika urojo. Yule kijana nilimpa mstari mmoja wa wimbo wake mwenyewe, auimbe mara mbili: mara ya kwanza kama yuko ukumbini hana maiki, mara ya pili kama maiki iko mdomoni. Wiki tatu tulikuwa na mstari huo huo. Alichoka nao, na mimi pia. Siku alipoweza kuhama kutoka mkao huu kwenda ule pale nilipopiga kofi, bila ya kusita, hapo ndipo nikamruhusu aviweke vyote viwili ndani ya ubeti mmoja.

Mmarekani Jo Estill, aliyekuwa muimbaji wa klasiki kabla ya kuwa mwalimu, alizigawa sauti za kuimbia katika aina sita na akafundisha kila moja peke yake, opera ikiwa ni aina moja tu kati ya hizo. Si kila alichokifundisha nakifuata, lakini kwa hilo la kutenganisha nampa mkono.

Kwa nini muimbaji wa opera husikika bila ya maiki na mimi napotea mbele ya kinanda?

Si kwamba ana nguvu kukushinda. Johan Sundberg, mtafiti wa sauti wa Sweden, alilieleza jambo hili vizuri katika miaka ya 1970. Vyombo vya okestra vikipigwa pamoja, nguvu yao kubwa huwa kwenye mitetemo kama 500 kwa sekunde, kisha hupungua kadiri unavyopanda. Muimbaji aliyefundwa hujikusanyia mlio wa ziada karibu na mitetemo 3000 kwa sekunde, mahali ambapo okestra imedhoofika na sikio la binadamu ni jepesi. Hashindani na vyombo. Anapita dirishani wakati wao wamesongamana mlangoni.

Wewe una maiki, kwa hiyo huna haja ya kuujenga mlio huo wote. Lakini ukiwa nao kidogo, fundi mitambo anaweza kukushusha na bado ukasikika, na koo likapumzika. Kwa hili taarab asilia imetufaa sana: sikiliza muimbaji mzoefu anavyoikata njia yake juu ya fidla na kodiani bila ya kupayuka.

Nimeambiwa nitumie tumbo. Tumbo linaimbaje?

Haliimbi. Hewa haiendi tumboni, iko mapafuni. Kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu, kikishuka matumbo husukumwa nje, ndiyo maana unaona kitambi kinasogea. Kazi ya tumbo na mbavu ni kuizuia hewa isitoke yote kwa pupa. Weka mikono kwenye mbavu za chini, vuta pumzi, anza kutoa "sss" na uziache mbavu zibaki wazi kadiri unavyoweza. Basi. Atakayekwambia uusukume wimbo kwa tumbo, mshukuru na usimtii.

Nimepita chuoni na nasoma Kurani kwa tajwid. Itanisaidia au nitalazimika kuanza upya?

Uko mbele ya wengi. Umm Kulthum, ambaye sauti yake ilizifundisha redio za wazee wetu, alianza kwa kusoma Kurani pamoja na baba yake aliyekuwa imamu. Aliyefundwa kuvuta madi, yaani irabu ndefu, ya harakati nne au sita bila ya sauti kuyumba ana pumzi. Aliyerudishwa na mwalimu wake mara kumi kwa sababu ya makhraji, mahali inapotokea kila herufi, ana ulimi unaojua unapogusa.

Kuna jambo moja dogo nalipenda. Ghuna ni mlio wa puani. Fanya "mmm" ya ghuna kisha jibane pua: sauti inakatika. Sasa imba "aaa" ndefu na ujibane pua. Kama inabadilika au inazibika, basi puani mwako mna mlango uliouacha wazi bila ya kujua. Mwanafunzi wa chuoni huufunga mlango huo mara tu anapoonyeshwa, kwa sababu tofauti ya viwili hivyo anayo tangu utotoni, ila hakuna aliyemwambia kwamba inatumika kwenye nyimbo.

Tatizo lenu ni kwamba mnaogopa kuiharibu sauti. Mnaimba kwa adabu mno. Wimbo wa mapenzi unataka wakati mwingine neno lianguke, likwaruze, lichelewe.

Na hukumu ya kuimba?

Muulize shekhe wako. Mimi nafundisha koo. Akija mtu anayetaka kasida tu, tutafanya kasida tu, na sitomshawishi vyengine.

Hiyo "sauti ya kuita" unayoitaja kila siku ni nini?

Ni ile wanayoitumia waimbaji wa kileo wakipanda juu kwa nguvu bila ya kuingia kwenye sauti nyembamba ya kichwani. Jina nimelitoa kichochoroni. Uko ghorofa ya pili, mtoto yuko chini kwenye kona na sahani ya andazi, na motapikapi inakuja. Unamwita. Hujafikiri juu ya noti, hujavuta pumzi ya kujaza kifua, na kidevu hujakiinua. Sauti imetoka kali, imefika, na koo halijauma.

Inasimuliwa kwamba Siti binti Saad wa Fumba, kabla ya kwenda Bombay 1928 kurekodi sahani za santuri, alitembeza vyungu mjini akiviita kwa sauti, na watu wakageuka kwa sauti hata wasiotaka vyungu. Mimi naliamini hilo kwa sababu ya kazi yangu. Sauti ya kutembeza biashara ni shule.

Sasa makosa. Wengi wakitaka kuita hujaza hewa nyingi, halafu huisukuma. Sauti hii inataka hewa kidogo. Nyuzi za sauti hufungana kwa muda mrefu zaidi katika kila mtetemo, na kwenye noti ya La ya 440 zinagongana mara 440 kwa sekunde moja; ukizirushia upepo mwingi zikiwa zimefungana hivyo, unazipiga. Kwa hiyo nampeleka mwanafunzi dirishani, anaita neno moja, kisha anaita neno lile lile kwa noti tatu, kisha ubeti. Dakika kumi kwa siku, si zaidi. Baada ya hapo tunarudi kwenye sauti laini ya kichwani, kama mtu anayemnyoosha mguu mchezaji baada ya mpira. Klasiki hapa ndiyo dawa ya kileo, na siku nyengine huwa kinyume chake.

Sauti yangu huvunjika katikati. Nifanye nini?

Chukua gilasi ya maji na mrija. Usicheke.

Binti mmoja wa Chake Chake alikuja kwangu anaimba taarab ya kisasa, juu kali, chini nzuri, na katikati pana shimo. Nilimpa gilasi, maji nusu, mrija umezama kama vidole viwili. Akaanza kupuliza huku anavuma "uuu" kutoka chini kupanda. Mapovu yalikuwa yanatoka sawasawa, bubububu, mpaka alipofika pale pake. Yakasimama. Kimya, kisha yakarudi kwa fujo, maji yakamrukia puani. Tukaangaliana. Tangu siku ya kwanza alikuwa ananiambia ni nyuzi zake mbovu; gilasi ilimwonyesha kwamba anaizuia pumzi kabla ya kufika pale, kwa khofu. Alipoweza kupita na mapovu yasikatike, nilimtoa mrija mdomoni na kumwambia aimbe. Shimo halikwisha siku ile, lakini lilikuwa dogo la kurukika.

Sababu ya mrija kufaa ni hii: njia ikiwa nyembamba, hewa hurudi nyuma kidogo na kuzisaidia nyuzi zitetemeke bila ya kugongana sana. Ingo Titze, mtafiti wa sauti wa Marekani, ameifanyia kazi kubwa njia hii, na leo utaikuta kwa walimu wa opera, wa pop na kwa wanaotibu sauti. Ni chombo pekee kwenye chumba changu ambacho hakuna upande unaokikataa, na dukani ni rahisi kuliko maji yenyewe.

Utanifundisha kwa kinanda?

Mazoezi ya kunyoosha sauti, ndiyo. Makamu, yaani zile ngazi za noti za muziki wa Kiarabu, hapana.

Hili nataka lieleweke, kwa maana ndipo vijana wengi wenye sikio zuri wanapoharibika. Kinanda cha kawaida kina hatua 12 katika oktava, yaani kutoka noti moja hadi noti ile ile ya juu yake. Nadharia ya Kiarabu ya karne iliyopita huhesabu 24, na makamu ya Rast noti yake ya tatu inakaa baina ya funguo mbili za kinanda. Haipo. Ukiifanyia mazoezi Rast kwa piano mwaka mzima, sikio litaisogeza noti ile juu kidogo au chini kidogo ilingane na funguo, na siku utakayosimama mbele ya fidla na ganuni wazee watakutazama tu. Hawatosema kitu. Hilo ndilo baya zaidi. Bayati na Sika zina mtego huo huo. Hijazi ina unafuu, kwa sababu kwenye kinanda cha kawaida inapatikana, ingawa kwa ladha ya kulazimisha.

Kwa hiyo siku ya makamu anakuja mpigaji udi, na kinanda kinafunikwa khanga. Mwanafunzi anasikiliza kwanza. Nusu saa nzima anaweza asifungue mdomo. Halafu anaifuata noti ile ya tatu peke yake, anaikaa, anaizunguka, mpaka aizoee kama anavyoijua njia ya kwao usiku.

Kwa muimbaji wa zenji fleva faida yake utaisikia kwenye madoido. Vijana wengi madoido yao wameyaiga kwa Wamarekani, yanashuka ngazi zile zile tano. Aliyeikaa Bayati anashuka kwa njia nyengine, na msikilizaji wa hapa anageuza shingo bila ya kujua kwa nini.

Bi Kidude hakusoma, mbona aliimba mpaka uzeeni?

Alisoma, ila si darasani. Alikaa akimsikiliza Siti binti Saad na wengine, akazishika ngoma za unyago, akarudia miaka na miaka mbele ya watu wasiosamehe. Tuzo ya WOMEX, maonyesho ya muziki wa dunia, ya 2005 haikumkuta mtu asiyejua anachokifanya. Alipofariki Aprili 2013 alikuwa ameimba kwa muda mrefu kuliko umri wa walimu wengi wa sauti. Kinachonitia wasiwasi ni anayeiga mkwaruzo wake. Ule ulikuwa wake, wa koo lake na umri wake. Wewe una miaka 22, ukiukwaruzia utapata uvimbe tu.

Sauti imepwelea na kesho kuna harusi. Nile nini?

Ninayo hadithi yangu. Zamani niliimba harusi moja, spika za mbele nzima, ya kujisikia sina. Kwa kuwa sijisikii, nikapaza. Tangu baada ya isha hadi karibu na alfajiri. Asubuhi nilikuwa nanong'ona. Nikala tangawizi, asali, karafuu, ndimu, nikasimama tena jukwaani siku ya pili. Wiki sita sikuimba.

Tangawizi na asali ni vizuri, vinapoza koo. Lakini unachokimeza kinapita njia ya chakula. Hakizigusi nyuzi za sauti. Zingeguswa ungepaliwa. Kinachofika ni mvuke: jifukize maji ya moto matupu, usiukaribishe uso mpaka uungue. Kunywa maji tangu jana, si leo. Nyamaza, na usinong'one, kwani kunong'ona kwa nguvu nako kunachosha. Kama kunauma, harusi hiyo atafute mwengine. Sauti ikikaa wiki tatu haijarudi, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo akakutazame, huenda kuna vinundu, na mwalimu haoni ndani ya koo.

Ijapokuwa mmoja aliona. Manuel García, mwalimu wa kuimba, mwaka 1854 alichukua kioo kidogo cha daktari wa meno na kioo cha mkononi, akalielekeza jua kooni mwake, akaziona nyuzi zake mwenyewe zikicheza. Madaktari wa koo wakaendeleza kutoka hapo. Alifariki 1906 akiwa na miaka 101.

Ramadhani mnasoma?

Baada ya tarawehe, nusu saa, mazoezi ya mrija na ya kusikiliza. Mchana koo kavu halifundishwi. Na futari ya pilipili na ya mafuta mengi, halafu ukalala, asidi hupanda usiku ikaziunguza nyuzi. Wengi huja baada ya Idi wakidhani wamelogwa sauti.

Mtoto wa kiume wa miaka 13, sauti inaruka ruka. Tusubiri?

Aje, lakini aimbe chini na kidogo. Asilazimishwe kuibakisha ile ya zamani.

Niko Wete. Inawezekana kwa simu?

Inawezekana nusu. Simu huchelewa, kwa hiyo siwezi kukupigia nawe ukaimba juu yake kwa wakati mmoja. Utaimba bila ya chombo, utanirekodia, nitakujibu kwa sauti. Irabu, pumzi na mrija vinafundishika hivyo. Makamu na sauti ya kuita, panda boti. Simu huzikata sauti kali na kuzilainisha, na mimi nitakusifu kwa kitu ambacho hukukifanya.

Baada ya muda gani nitaweza kuchanganya?

Anayekuja mara mbili kwa wiki na kufanya mazoezi nyumbani, kwangu huchukua kama mwaka kabla sijamwachia aamue mwenyewe wapi aviringishe na wapi aite. Wapo wa miezi sita. Yupo mmoja ana miaka mitatu, na bado tunatenganisha, na anaimba vizuri kweli kweli kwenye kila upande peke yake. Sioni kosa. Si kila mtu lazima ale urojo.

Siku ya kwanza nije na nini?

Chupa ya maji, mrija, na wimbo mmoja unaoupenda kwa dhati, si ule unaodhani mimi ninaupenda. Usije umetoka kula sasa hivi. Kengele ya mlango wa chini haifanyi kazi tangu masika. Simama kichochoroni uniite.